Moyo Uliokwenda Kama Saa

Mama,

Salamu kwanza. Hata nikiwa na hasira nawe sijasahau ulivyonifunza, kwamba mwenye adabu huamkua kabla hajateta. Basi shikamoo, Mama. Mungu akurehemu na akupanulie kaburi lako. Ukishaitikia, nisikilize.

Ni mimi Mejumaa, mke wa mwanao Athmani. Nakuandikia nikiwa chumbani kwako, nimekaa kwenye ile samadari yako, kitanda ambacho hukutaka mtu yeyote akikalie na nguo za kutokea nje. Nimeikalia na buibui langu. Utanisamehe, au usinisamehe.

Mwaka huu wa tisini na sita ulianza nawe na utakwisha bila wewe. Asmini zako kwenye makopo ya samli zachanua kila jioni na hakuna wa kuzitunga. Paka wako kahamia kwa muuza kahawa. Nyumba ya pili yetu imeanguka roshani, watu wa Mji wa Kale wamelipokea jambo hilo kama msiba, na mimi nikasema moyoni, angekuwako Mama angetoka na maneno. Bi Rehema, shoga yako, haji tena kwa mlango wa nyuma bila hodi. Sasa abisha, na nikimfungulia hutazama sakafu. Sababu yake waijua wewe kuliko mimi.

Nimekuja na neno moja, Mama. Ulinisaliti. Sijui kama yafaa kumwambia hivyo mtu aliyekwisha tangulia. Lakini nikilinyamazia litaniozea kifuani.

Nilipoletwa nyumba hii bibi harusi, nimetoka Waa, ng'ambo ya feri, nilikuwa najua kuchimba muhogo kuliko kupanga vikombe. Wifi yangu Zuhura, mwanao mkubwa, alisimama pale uani, akasema mbele za watu, kwani wanawake wa Mombasa wameisha hata Athmani akavuke maji? Ukamwambia, "Mkazamwana ni wangu, si wako. Nimempenda mimi." Zuhura akafyata ulimi, na mimi toka siku ile nikawa wako. Mama yangu mzazi nilimwita Mama kwa kuwa alinizaa. Wewe nilikuita Mama kwa neno lile.

Kisha ukaugua. Kwanza pumzi, ukipanda ngazi wakaa katikati wajidai watengeneza mtandio. Halafu ikawa huwezi kulala chali, tukakupangia mito ukalala kama uliyekaa. Miguu ikafura, nikiibonyeza kidole chaacha shimo. Daktari akatwambia moyo umechoka kwa presha ya miaka mingi, hausukumi damu kama inavyotakiwa, maji yabaki mwilini. Akakupa vidonge vya kukojoa na vingine, akakukataza chumvi.

Athmani yuko bandarini kutwa. Zuhura yuko Malindi na mumewe. Nikaacha kazi yangu ya kuuza leso Barabara ya Biashara, kazi niliyoipenda, nikakaa na wewe. Hakuna aliyenilazimisha. Nikajifunza kupika bila chumvi, nikiweka ndimu, tangawizi, ukwaju, kitunguu thomu, kila kitu cha kuudanganya ulimi. Ukaonja mchuzi wa changu, ukanitazama. "Mejumaa, huyu samaki alikufa kwa huzuni?" Tulicheka mpaka ukakosa pumzi, nikaogopa, ukanipungia mkono ukimaanisha ngoja, bado nacheka.

Na ile siku niliyokufuma kwa Bi Rehema una kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, mdomoni, chumvi yang'aa kwenye kidole! Ukakificha chini ya mkeka kama mtoto. Nilikasirika nikatoka bila kuaga. Ukaja nyuma yangu pole pole, ukishikilia kuta za uchochoro, ukasema, "Sirudii, mwanangu. Wallahi sirudii." Na hukurudia. Hilo nakupa, ni haki yako.

Ndipo akaja yule daktari wa moyo wa kutoka bara, mpole, mwenye miwani. Akataka uvae mashine ya kuusikiliza moyo kutwa kucha. Wakakubandika nyaya kifuani, wakakuning'inizia kisanduku kama redio ndogo ya kaseti. Akakwambia uishi kama kawaida, usijilaze kwa ajili ya kipimo. Ukamuuliza, "Kwani hiki chasikia na maneno tusengenyayo?" Akacheka. Akasema hapana, chasikia moyo tu.

Basi tukaishi kama kawaida. Alasiri tukaenda ufukweni Mama Ngina, kisanduku kiko chini ya buibui, na upepo wa baharini ukalipeperusha hata kikaonekana. Muuza mihogo akauliza, hicho ni nini, Bibi? Ukamwambia, "Ni redio, lakini yashika stesheni moja." Tukala mihogo ya kuchoma kwa ndimu na pilipili, yangu ikiwa na chumvi, yako haina, nawe ukinitazama mkono. Ilikuwa siku njema. Mimi sikujua kwamba kile kisanduku kilikuwa kinaandika habari yako tulipoketi vile, tukicheka.

Sasa nafika pale.

Siku ya kuchukua majibu nilikuwa nimekwisha vaa. Kila mara nilikwenda nawe mimi. Ukasema, la, leo nitafuatana na Rehema, wewe nenda Marikiti unitafutie mabalungi. Nikaona ni deko la mgonjwa. Nikaenda. Niliporudi nikakukuta umekaa kwenye baraza, Bi Rehema pembeni yako kimya, nawe uso wako mkunjufu kama wa sikukuu. Nikauliza, wamesemaje? Ukasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima, "Daktari asema moyo wangu waenda kama saa. Haukosei hata nukta moja."

Nilipiga kigelegele, Mama. Nilipiga kigelegele pale uchochoroni kama mwenye harusi. Wanawake wakachungulia madirishani, wakaitikia. Nikatuma halua kwa majirani. Nikaenda kwa Mhindi wa duka la pembeni kuazima simu, nikampigia Zuhura, nikamwambia kwa kinywa changu mwenyewe, wifi, shukuru Mungu, mashine imesema moyo wa Mama mzima, waenda kama saa. Mimi ndiye niliyemwambia. Neno lile nililipeleka mimi Malindi, na likarudi kunikata mimi.

Haukupita muda ukaanza kunisukuma. "Rudi dukani, Mejumaa. Nimepona, wanilindia nini? Utazeeka humu pamoja nami." Nikakataa. Ukasema na Athmani, Athmani akasema na mimi. Nikarudi, asubuhi hadi adhuhuri, na nakiri nilifurahi kushika leso mpya tena, kusoma majina yake kwa wateja, kunusa ile harufu ya kitambaa kisichooshwa. Chakula chako nilikiacha tayari, kimefunikwa kawa.

Miguu ikafura tena. Zuhura akaja kutoka Malindi. Wakumbuka alivyosimama mlangoni mwa chumba hiki? Mimi nilikuwa nakukanda nyayo, wewe umeegemea mito. Akasema, "Moyo mzima, mashine imesema. Basi haya maji yatoka wapi kama si jikoni? Ni hiki mnachomlisha. Mtu akitoka kwao hajui hata kupima, mwamkabidhi roho ya mama yangu." Nikakutazama. Sikumjibu yeye, nilikutazama wewe, nikingoja uninyanyue kama ulivyoninyanyua siku ya harusi yangu. Ukatazama tasbihi yako. Ukazungusha punje mbili tatu. Ukasema, "Wacheni maneno, hayana faida."

Basi. Hilo tu.

Nilijiambia umechoka. Nilikutetea moyoni, hata nikajiuliza kama kweli mkono wangu umepotea kwenye chumvi. Nikawa naonja maji ya wali kabla ya kukupa, naonja mpaka mkate. Nilijishuku mwenyewe, Mama, na wewe wanitazama.

Ulipofariki nilikuwa dukani. Athmani alikuja mwenyewe amevaa nguo za bandarini, akasimama kati ya leso zilizotundikwa, na sikumngoja aseme.

Matangani ndiko nilikokula sumu. Zuhura alikaa katikati ya wanawake, kila anayeingia kumpa pole amsimulia, "Moyo wake ulikuwa mzima. Kama saa! Daktari mwenyewe alisema. Lakini aachwaye peke yake na chakula cha chumvi, ataishije?" Wanawake wanigeukia, kisha wageuka. Wale wale walioitikia kigelegele changu. Nilipochukua sinia la wali kulipeleka ukumbini, mmoja akauliza kwa sauti ya chini, nani amepika? Na Bi Rehema alikuwa pale, Mama. Alikuwa amekaa chini ya dirisha, uso kaufunika leso, analia. Mimi nikadhani alilia kwa ajili yako.

Athmani hakunilaumu kwa neno. Alianza tu kula kwa dada yake. Zuhura alikuwa amefikia nyumba ya jamaa Kibokoni, na mume wangu kila jioni huenda kula huko, arudi ameshiba. Nilivumilia kwa kadiri nilivyoweza. Kisha nikafunga nguo zangu, nikavuka feri, nikarudi Waa kwa mama yangu.

Mama yangu hakuniuliza. Alinipa jembe.

Nilikuwa shambani Bi Rehema alipokuja. Yule Bi Rehema ambaye aapa feri itamzamisha, ambaye hajavuka maji tangu ujana wake, alikuja peke yake, viatu mkononi, buibui limejaa vumbi la njia ya shamba. Mama yangu akamletea kigoda. Hakukaa. Akasema, "Mejumaa mwanangu, nilipewa amana na imenilemea. Nimeota nikiizungumza, nikaamka na midomo mikavu. Sikiliza, ukishasikia unitukane."

Akaniambia. Daktari alikuwa amesema kweli, moyo wako waenda kama saa. Lakini hakuishia hapo. Alisema, "Moyo wako unakwenda kama saa, Bibi, na hilo ndilo linalonitisha."

Wewe ulileta nyumbani nusu ya maneno yake, Mama. Nusu iliyobaki uliiacha kwa Bi Rehema, ukamfunga kwa kiapo.

Nilimwambia Bi Rehema, haya hukuyaleta matangani, umeyaleta shambani yasikosikiwa na mtu. Rudi nami. Akarudi nami. Tulivuka feri pamoja, amenishika mkono hata ukafa ganzi, macho kayafumba. Tukawakuta Athmani na Zuhura pamoja, na Bi Rehema akayasema yote kwa kusimama.

Zuhura akakataa. "Moyo kwenda sawasawa kuna ubaya gani? Mwaniona mjinga?" Na kwa kweli, Mama, hata mimi sikuwa nimefahamu. Nani angefahamu? Athmani akasema, "Twende tukamuulize mwenyewe."

Daktari alitukaribisha sote. Alisikitika. Alisema ulimkataza asimwambie mtu ungali hai, na yeye alikuomba umletee watoto wako azungumze nao, nawe ukamwahidi utawaleta. Hata yeye ulimdanganya. Kisha akamwambia Zuhura amshike ndugu yake hapa, penye kifundo cha mkono, autafute mpigo. Akamwambia Athmani, vuta pumzi pole pole, sana, sasa itoe. Tena. Nikaona uso wa Zuhura wabadilika.

"Wakimbia," akasema. "Akivuta pumzi wakimbia kidogo. Akitoa watulia."

"Ndivyo unavyotakiwa," daktari akasema. "Moyo wenye afya hauendi kama saa ya ukutani. Pumzi ikiingia unaharakisha, ikitoka unapunguza. Ukiogopa unaruka, ukilala unalegea. Mwili unauita, nao unaitika. Wa mama yenu ulikuwa umeacha kuitika. Akitembea, akilala, mipigo imepangana vile vile. Kwa mtu ambaye moyo wake tayari ni dhaifu, hiyo ni dalili mbaya. Si wote wenye dalili hiyo wanaotutoka upesi, na mimi si Mungu. Lakini niliiweka pamoja na mengine niliyoyaona, nikaona ni lazima ajue."

Zuhura akauliza habari ya chumvi. Alikuwa bado amemshika Athmani mkono. Daktari akasema chumvi huongeza maji, ndiyo, na ndiyo sababu alikukataza. Lakini wewe, kila ulipopimwa kwake, ulionekana umeishika miiko vizuri. Akasema, "Hata angepikiwa na malaika, miguu ingevimba."

Ungetaraji nifurahi. Sikufurahi. Nilikuwa nimelitaka neno hilo kwa mtu mwingine.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Zuhura alilia kwa sauti. "Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye mwanawe. Kwa nini akamwambia jirani?" Nilisimama karibu yake na sikumgusa. Sikuweza. Lakini nilijua alilokuwa akililia, na lilikuwa langu pia. Nikamwambia, twende, wifi, jua kali.

Athmani nilimwambia sirudi nyumbani kwa kunong'onezwa. Nilishutumiwa mbele za watu, nitasafishwa mbele za watu. Akakaa kwenye baraza baada ya sala ya alasiri, wazee na vijana wapo, akasema, mama yangu alikuwa akijua yuafa, akatuficha sote, na mke wangu hana dhambi. Bi Rehema akaenda nyumba kwa nyumba kwa wanawake, na kila alipoingia aliyaeleza upya, na kila mara aliwaomba wanawake wamlaumu yeye. Zuhura amerudi Malindi. Hajaniomba radhi. Juzi alipiga simu kwa Mhindi akamwambia Athmani, "Msalimie Mejumaa." Nimeipokea salamu. Nimeiweka kando kwanza, mpaka nijue ni kitu gani.

Nilimuuliza Bi Rehema kwa nini. Mtu huuliza. Akasema ulimwambia njiani mkirudi, mmepumzika kivulini, "Mejumaa hana uso wa siri, Rehema. Akijua, kila nikimtazama nitajiona maiti. Niwache nile mihogo yangu nikiwa mtu." Nalifahamu hilo. Wallahi nalifahamu. Mtu ana haki ya kufa kwa namna aitakayo, na huenda na mimi yakinifika nitataka vivyo hivyo. Ungenificha mpaka siku ya mwisho, nisingekuandikia barua hii. Ningelia tu.

Lakini siku ile Zuhura aliposimama mlangoni, hukuhitaji kuitoa siri yako. Ilitosha useme, "Si Mejumaa." Ungesema hayo tu, ukaendelea na tasbihi yako. Siri yako ingebaki salama na mimi ningebaki mtu. Nimeigeuza siku ile kila upande nikitafuta kilichokuzuia. Ulichoka? Uliogopa kwamba ukianza kusema yatatoka yote? Au uliona afadhali nibebe mimi, kwa kuwa nimezoea kubeba? Hukuniachia jibu. Ndilo linaloniuma. Si kufa kwako, si uongo wa saa.

Na kuna jambo moja hulijui. Siku ya kukutoa, kabla ya jeneza kupita mlangoni, Athmani aliwaita watu kama desturi, akasema mwenye haki yake kwa marehemu na amsamehe. Wanawake ndani tukaulizwa vile vile. Nami nilisema, nimesamehe. Nilisema kwanza kuliko wote, kwa sauti, kwa sababu sikuona kitu cha kukusamehe. Nilidhani natoa sadaka ya bure.

Sasa nina kitu. Nimejaribu kulisema neno lile tena, hapa kitandani kwako, nikijua ninachokisamehe. Halitoki. Laja mpaka kooni.

Basi nakuaga, Mama. Lala kwa amani, Mungu akufanyie wepesi kuliko ulionifanyia mimi. Nitakuombea maghufira kila nikimaliza sala, kwa sababu hiyo ni haki yako kwangu na sitaizuia. Na nakuahidi jambo moja. Neno lile siku litakapotoka, litatoka lote, halitakuwa nusu. Mpaka siku hiyo sitakuambia nimesamehe. Nimeishi na uongo wa huruma katika nyumba hii, na siwezi kukuletea mwingine huko uliko.

Mkazamwana wako,
Mejumaa